Jinsi ya kunywa katika nchi ya chai

Mtu akienda Dublin, Brussels au Prague hupewa ramani ya baa: anzia hapa, vuka barabara, ingia pale, malizia kule usiku wa manane. Ukija na mpango kama huo Kericho au Bomet utapoteza wikendi. Vinywaji vipo, tena vya kila aina, ila havijaanikwa barabarani. Kila kimoja kina saa yake, kina wenyewe, na kina mahali ambapo ukikinywa hakuna anayeguna. Mgeni wa Nairobi au Mombasa aliyekuja kwa harusi au kwa mapumziko ya siku mbili hapati taabu ya kukosa bia. Taabu yake ni kuiagiza saa nne asubuhi, kwa sauti, mbele ya mzee wa kanisa.

Na wazee wa kanisa huku ni wengi. African Gospel Church, lililotokana na wamishonari walewale wa hospitali ya Tenwek karibu na mji wa Bomet, halina mzaha na pombe, na waumini wake utawakuta kila kituo cha biashara kutoka Sotik hadi Litein. Kwa hiyo mnywaji wa huku hunywa kwa staha. Hajifichi, ila hatangazi. Shika hilo kwanza.

Anza na chai, hata kama kilichokuleta ni bia. Hoteli ndogo, zile za meza za mbao na thermosi kubwa, ndizo baraza la mchana: dalali wa ng'ombe yumo, mwalimu yumo, dereva wa matatu anayesubiri abiria wa Kisumu yumo. Kaa hapo nusu saa na utajua mengi, ikiwemo baa gani imebadilisha mwenyewe na ipi ina fujo siku hizi. Chai ya kawaida ni ya maziwa, iliyochemshwa nayo sufuriani tangu mwanzo. Ukitaka isiyo na maziwa sema chai ya rangi, au strungi, na usishangae ukiulizwa kama unaumwa tumbo. Usitegemee pia kupewa majani ya fahari. Chai iliyo bora husafirishwa hadi mnadani Mombasa na kwenda zake ng'ambo; kikombe chako ni cha majani ya punje ndogo, yenye rangi kali, yanayostahimili maziwa mengi. Kama unataka kubeba zawadi nzuri, ulizia langoni mwa kiwanda cha wakulima, maana vingi huuza pakiti hapohapo. Ukibahatika utapata chai ya zambarau, aina iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kericho mwaka 2011. Ladha yake, kwa maoni yangu, ni ya kujaribu mara moja.

Halafu chai yako iache ipoe. Hili silisemi kwa ajili ya ulimi wako tu. Wenyeji hunywa chai ingali inafuka, na sehemu hizi zimejulikana kwa miaka mingi kwa saratani ya umio. Madaktari wa Tenwek wamepokea wagonjwa wake kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzijoto 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huo. Sababu za hapa bado zinajadiliwa, lakini dakika tano za kusubiri hazina gharama, na ndizo dakika za kusalimiana. "Chamgei" ndiyo salamu. Mwenzako akiitanguliza, mjibu "chamgei mising". Asante ni "kongoi". Mwanamume mzee muite boiyot, au arap Fulani ukishajua ubini wake, na bibi kizee muite kogo. Mpe mkono kila aliye mezani, hata usiyemjua, kabla hujavuta kiti.

Ukialikwa nyumbani, kinachotangulia kila kitu ni mursik. Haya ndiyo maziwa ambayo wanariadha hunyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na medali, na watu wengi wameyaona kwenye televisheni kuliko walioyaonja. Kibuyu, yaani sotet, husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet mpaka kuta zake ziwe nyeusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa humiminwa humo, kibuyu hufungwa, kisha huachwa siku kadhaa. Yakitoka yana rangi ya kijivu inayokaribia samawati, yana chembe za makaa, na harufu yake ni ya moshi kabla hujafikia uchachu. Mwenye nyumba atakitikisa kibuyu kwa mikono miwili, atakifungua, na atakumiminia kikombe kilichojaa. Kipokee kwa mkono wa kulia. Funda la kwanza liwe dogo, uso ukae sawa. Ukimaliza upesi kwa kutaka yaishe, utaongezwa, kwa sababu kikombe kitupu ni ombi. Anayetosheka huacha kidogo chini. Mursik ya chupa za plastiki inayouzwa barabarani sina ugomvi nayo, ila uliza imetoka kwa nani. Na jambo moja la kuchekesha: mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba baadhi ya mursik ina kileo kidogo, pamoja na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ileile ya umio. Sikushauri ulizungumzie hilo mezani kwa mzee wa kanisa.

Pombe yenyewe ya jadi ndiyo inayohitaji akili zaidi. Wakipsigis, wenyeji wa huku, walikuwa na maiyek, bia ya wimbi, na kipketin, kinywaji cha asali. Havikuwa vinywaji vya kila mtu wala vya kila siku. Vilikuwa malipo ya kazi ya pamoja, majirani wa kokwet moja wakishalima au kujenga, na vilikuwa mali ya sherehe. Wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa kadiri pombe inavyopungua. Kijana hakusogea. Leo kilichobaki zaidi ni busaa, ambayo huundwa kwa mahindi: unga hukandwa, huachwa uchachuke, hukaangwa kwenye bati pana juu ya moto hadi uwe wa kahawia, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi na kuachwa uchemke wenyewe siku mbili tatu. Ni nzito, chachu, vuguvugu, na inashibisha. Mtu aliyekunywa kopo moja la Kasuku hahitaji chakula cha mchana.

Je, uinywe? Ukialikwa sherehe, mathalani koito, pale familia mbili zinapokubaliana posa, na wenyeji wakaileta, kaa ulipoonyeshwa, pokea unachopewa, usiguse mrija wa mwenzako, na ikiwa hunywi sema mapema kwamba hunywi. Hakuna atakayekulazimisha, huku kukataa pombe ni jambo la kawaida kuliko kuikubali. Ila usitoke mwenyewe kwenda kuitafuta vichochoroni. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliondoa marufuku ya zamani na kuruhusu pombe hizi zitengenezwe kwa leseni na kwa viwango, lakini nyingi bado hupikwa bila leseni. Chifu na askari wakivamia hubeba mpishi na mnywaji pamoja, na kusema wewe ni mgeni hakukushushi kwenye gari.

Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ni hapana. Sitaki kuizungukia. Hatari yake kubwa ni methanoli, ambayo haina rangi wala harufu ya kukuonya, na watengenezaji wenye tamaa huiongeza makusudi ili pombe "ishike". Mwaka 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa Nairobi, wengine wakapofuka. Mwaka 2014 wakafa makumi katika kaunti kadhaa kwa wiki moja. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, wakafa watu 17, na safari hiyo pombe ilikuwa imeuzwa baa. Hilo la mwisho ndilo la kukumbuka hata ukiwa umeketi mahali penye taa na muziki: usinywe pombe kali ya kupimiwa kutoka chupa iliyokwisha funguliwa. Chupa ifunguliwe mbele yako, iwe na stempu ya mamlaka ya ushuru, KRA, na kama una shaka ipige skani kwa programu ya Soma Label. Mwenzako akianza kulalamika kwamba macho yana ukungu, kichwa kinagonga, anatapika kuliko alivyokunywa, usimpe maji ukamlaza. Mkimbize hospitali usiku uleule: Kericho kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, upande wa Bomet kuna Longisa na Tenwek.

Sasa baa. Saa kwanza, kwa sababu ndizo zinazowaumbua wageni. Sheria ileile ya 2010, ambayo wanywaji bado huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeisukuma, inaruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku Jumatatu hadi Ijumaa, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Wako watakaokuambia mlango wa nyuma uko wazi. Uko, na polisi wanaujua pia. Ukitaka kutazama mechi ya Uingereza Jumamosi, ya saa tisa na nusu mchana haina shida. Ya katikati ya wiki, inayoanza saa nne usiku, uliza kabla hujaagiza chakula kama mwenyewe hufunga kipindi cha pili.

Kuchagua baa ni rahisi ukijua unataka nini. Kwa mazungumzo, nenda bustani ya hoteli mjini, pale panapokaa watu wa ofisi na wakulima wenye pikipiki zao. Tea Hotel ya Kericho, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, wazee huitaja kama kwamba ni jana walipokatazwa kuingia; ulizia hali yake ya sasa kabla hujakwenda. Kwa kelele, nenda barabara kuu za miji midogo, Kapsoit, Kaplong, Silibwet, mwisho wa mwezi. Baa nyingi za aina hii kaunta zake zimezungushiwa nondo, na bia hupitishwa kwenye kidirisha. Usilichukulie kama tusi. Hapo unalipa kwanza, kisha unapewa. Kwenye bustani, kinyume chake, unalipa mwisho, na chupa tupu hubaki mezani kwa sababu ndizo hesabu. Weita akitaka kuziondoa mapema, mwambie kwa upole aziache. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina la till kabla ya kubonyeza. Iwe ya baa, isiwe namba ya mtu binafsi iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi.

Utaulizwa swali ambalo mtu wa Mombasa hulitafsiri vibaya: "Baridi ama moto?" Moto maana yake ni bia ambayo haikutoka kwenye friji. Kericho iko juu ya mita 2,000 hivi, na ikifika saa mbili usiku, mvua ikiwa imetoka kunyesha, chupa ya barafu inakuwa adhabu. Wengi huagiza moto, na mimi nakushauri ujaribu. Tusker ikipoteza ubaridi hupata ladha ya nafaka ambayo friji huificha. White Cap hivyohivyo. Guinness ndiyo inayofaidi zaidi. Lakini usikubali iliyokaa juani dirishani. Gusa chupa kwanza.

Kwenye baa za bei ya chini utakuta keg. Senator Keg ilitolewa mwaka 2004, serikali ikaipunguzia ushuru ili mnywaji wa chang'aa apate kitu salama kwa pesa yake, na katika nchi ya wachuma chai hilo halikuwa jambo dogo. Hutolewa kwenye pipa kwa mkono wa pampu na kumiminwa kwenye magi ya plastiki. Ikiwa safi inanyweka vizuri sana. Ikiwa pipa limekaa, inachacha na tumbo litakuambia kesho, kwa hiyo uliza limefunguliwa lini, na uingie saa ambayo wateja ni wengi. Wanaokunywa hapo wengi wametoka kubeba kikapu mgongoni tangu asubuhi. Simu yako na kamera yake vikae mfukoni.

Kuhusu raundi. Hapa bia hutumwa. Umekaa, weita anakuja na chupa usiyoiagiza, anaiweka na kusema, "Umetumiwa na mzee pale." Geuka, mtafute mzee huyo kwa macho, inua mkono, ikiwezekana nenda umsalimie. Usimrudishie papo hapo. Utaonekana kama unayelipa deni ili uondoke. Ngoja chupa yake ikaribie kuisha, ndipo utume. Ukishaingia kwenye raundi ya watu wanne umeingia kweli, na anayetoweka zamu yake ikifika atakumbukwa hata akirudi mwaka ujao. Kama huna uwezo au hutaki kunywa chupa nne, agiza ya kwako mapema na useme, "Mimi ya leo ni hii moja." Inakubalika. Wapo pia wa kuja kuomba wanunuliwe; mmoja mnunulie ukipenda, wa pili cheka naye, akija wa tatu mwite weita.

Chupa isiwahi kukaa mezani bila macho yako. Kuwekewa mchele, yaani dawa za usingizi kwenye kinywaji, si hadithi ya Nairobi tu, na anayeweka hawi na sura ya mwizi. Ukienda msalani, imalize au uiache kabisa uagize nyingine.

Kwa mwanamke kuna mambo ya ziada, na ni afadhali yasemwe. Baa ya nondo saa tatu usiku itakukodolea macho, na wako watakaodhani umekuja kutafuta wanunuzi. Bustani za hoteli na sehemu za nyama choma ni nafuu zaidi, hasa mkiwa wawili au watatu. Wahudumu wa kike nao wanavumilia mengi. Februari 2023 filamu ya uchunguzi ya BBC ilionyesha jinsi wanawake walivyodaiwa ngono ili wapate kazi kwenye mashamba makubwa ya chai ya hapa, na jeraha hilo liko karibu sana na meza unayokalia. Anayemtania weita kwa maneno ya aina hiyo hapati kicheko anachokidhania.

Kula kabla hujalewa. Nyama choma huanzia dirishani kwa mchinjaji: chagua mwenyewe, onyesha kidole, sema kilo ngapi, simama ipimwe. Mbavu za mbuzi ndizo salama kwa asiyejua. Uliza itachukua muda gani kisha ongeza nusu saa. Humo ndimo bia ya kwanza inamoingia. Italetwa kwenye ubao, itakatwakatwa mbele yako, chumvi pembeni, na ugali ambao hapa huitwa kimyet. Anayekata ndiye anayegawa, na mzee ndiye anayeanza. Wakati wa kusubiri omba kikombe cha supu, hasa kama mvua inapiga mabati.

Muziki usiupuuze. Kericho ilikuwa na lebo yake, Chandarana, iliyorekodi benga na magitaa ya Kikalenjin, na watu wenye umri bado huchangamka ukitaja Kipchamba arap Tapotuk. Nyuma zaidi, mwaka 1950, Hugh Tracey alinasa huko Kapkatet wimbo wa Chemirocha, ambao Wakipsigis waliutunga baada ya kusikia santuri za mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Vijana wataomba vitu vipya, au nyimbo za Chelele aliyefariki mwaka 2014. Ukimwomba DJ wimbo mmoja wa Kipchamba, kuna mzee atakayetaka kujua wewe ni mtoto wa nani, na hapo usiku wako umepata mwenyeji.

Mazungumzo nayo yana mipaka. Riadha, bei ya maziwa, mvua ya mawe, Arsenal: endelea. Rika ni mada tamu. Muulize mzee ni wa ibinda gani, Chumo, Sawe au Kaplelach, atakueleza na utapata darasa la bure. Ardhi ni kitu kingine. Mashamba makubwa unayoyapiga picha yalichukuliwa kwa nguvu enzi za Mwingereza, na Agosti 2022 Wakipsigis na watu wa ukoo wa Talai waliipeleka Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mashine za kuchuma chai pia. Mei 2023 kadhaa zilichomwa moto karibu na Kericho kwa sababu zinakula kazi za watu. Mada hizi zikizuka mezani, sikiliza. Usiulize maswali ya mwanahabari, na usiseme kwamba mandhari ni mazuri sana mtu akiwa katikati ya kueleza babu yake alihamishwa kutoka wapi.

Chagua tarehe zako. Mwisho wa mwezi vibarua wamelipwa na miji inachemka. Oktoba, wakulima wadogo wa viwanda vya shirika la chai la KTDA hupokea bonasi, na wiki hiyo baa hujaa watu ambao huwaoni miezi mingine. Furaha ni nyingi kama bonasi ni nzuri, na mwaka ikiwa mbaya matusi ndiyo mengi. Anayetaka utulivu aje katikati ya mwezi, au Januari shule zikifunguliwa, wakati pesa zote zimekwenda kwenye karo na mwenye baa ana muda wa kukaa na wewe.

Kurudi kulala ndiko kunakoua. Ukungu hushuka kwenye chai bila taarifa, barabara ni za mteremko na malori, na hata mtu asiyekunywa tone hayuko salama: Juni 30, 2023, lori lilipowavamia watu pale Londiani Junction lilichukua roho zaidi ya 50 kwa mara moja. Kwa hiyo panga kitanda kabla ya kupanga bia. Lala mji uleule unaokunywa, chumba kiwe mahali pa kutembea kwa miguu kwenye taa. Gari liache. Pikipiki ya usiku iwe ya mtu uliyepewa na mwenye hoteli, na kama naye amekunywa, mkatae bila kumwonea haya. Usijaribu njia ya mkato katikati ya shamba la chai. Kuna mageti, kuna walinzi, na vichaka vyote hufanana gizani. Beba koti hata kama mchana kulikuwa na jua, kwa kuwa mvua ya huku hupenda alasiri na mara nyingi huja na mawe.

Asubuhi ukiamka na kichwa kizito, Kericho mjini kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa kwa kumkumbuka Sant Baba Puran Singh, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula na chai yenye viungo bila malipo. Ni mahali pa ajabu kwa ukarimu wake. Lakini vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara mfukoni, na kama bado unanuka pombe usiende. Oga, kula kwingine, nenda siku nyingine.

Na ikiwa ni Jumapili, baa zimefungwa hadi saa nane, na huenda ukakutana barabarani na yule mzee aliyekutumia chupa jana. Atakuwa na koti lake la suti, Biblia kwapani, mkewe pembeni. Mpe mkono, sema chamgei, muulize mama hali yake. Akikuuliza mlionana wapi, mlionana kwenye chai.